Kudonoana kwa kuku wa nyumbani: soma jeraha, kisha urekebishe banda

Kuku wa kienyeji anayeachiwa alfajiri na kurudi magharibi hushinda akichakura. Anapekua majani makavu, anafukua mchwa, anaokota punje moja hapa na nyingine pale, na mdomo wake haupumziki hadi anapopanda kulala. Hali hubadilika pale mfugaji wa Chanika, Kibaha, Kikuyu au Kisauni anapolazimika kufungia kuku 30 au 40 katika banda dogo nyuma ya nyumba kwa kuogopa wezi, mwewe, magari au ugomvi na jirani mwenye bustani. Chakula huletwa kwenye chombo, huliwa kwa muda mfupi, na kwa saa zote zinazobaki mdomo unakosa kazi, ilhali haja ya kudonoa iko pale pale. Kitu kilicho karibu zaidi ni unyoya wa mwenzake. Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba kudonoana ni tatizo la banda kabla ya kuwa tatizo la kuku, na kwamba mfugaji anayekimbilia kukata midomo bila kukagua nafasi, chakula, mwanga na wadudu anaficha dalili tu na kukiacha chanzo mahali pake.

Anayetoka damu aondolewe kwanza

Uchunguzi wa chanzo unaweza kusubiri saa moja, lakini kuku anayetoka damu hawezi kusubiri. Damu huwavuta kuku wote. Mmoja akiionja wengine huiga, na kuku aliyekuwa na mkwaruzo mdogo asubuhi anaweza kukutwa amekufa jioni, utumbo ukiwa nje. Mtoe mara moja umweke kwenye tenga au kizimba chenye kivuli, pamoja na maji na chakula, mahali ambapo bado anaonana na wenzake. Kuonana huko ni muhimu, kwa kuwa kuku aliyefichwa kabisa kwa wiki kadhaa hupokewa kama mgeni anaporudi na hupigwa upya.

Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, kisha paka aidini ya vidonda. Wafugaji wengi hutumia ile dawa ya zambarau inayojulikana kama GV, na faida yake kubwa ni kwamba hufunika wekundu wa kidonda. Ipakwe kidogo tu, mbali na macho, na iachwe ikauke. Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa katika mabanda mengi, iachwe kabisa, kwa kuwa ni sumu inayopenya kwenye ngozi iliyochanika na kumezwa na kila kuku atakayedonoa hapo. Mafuta ya taa na pilipili huunguza kidonda bila kukiponya. Kidonda chenye harufu, usaha au funza kionyeshwe kwa mtaalamu wa mifugo, na kuku aliyechanika hadi ndani achinjwe mapema badala ya kuachwa ateseke.

Jeraha lilipo huonyesha chanzo

Baada ya hapo shika kuku mmoja mmoja, ikiwezekana usiku wakiwa wametulia, na uandike kila jeraha liko sehemu gani ya mwili. Hatua hii wengi huiruka, ingawa ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Majeraha ya kichwani, kwenye undu (ile nyama nyekundu ya utosini) na ndevu, hutokana na kupigania cheo au chakula. Kuku wanaogombana husimama uso kwa uso wakiwa wamevimbisha manyoya ya shingo, na pigo huelekezwa kichwani. Vipara vya juu ya mkia, kiunoni na mgongoni, hasa kama kuku hana makovu kichwani, ni kazi ya mdonoaji wa manyoya, ambaye hana hasira yoyote: humwendea mwenzake kwa nyuma, hunyofoa unyoya, na mara nyingi huumeza. Tazama sakafuni, ikiwa kuku wana vipara na manyoya hayaonekani kwenye matandazo, yameliwa. Mitetea yenye vipara vya mgongoni pamoja na mikwaruzo ya kucha ubavuni, hasa ile miwili au mitatu anayoipenda jogoo, imeumizwa na kupandwa mara nyingi mno, na kuwalaumu mitetea wenzake ni kupoteza muda. Jeraha la njia ya kutagia ni suala la pekee na la hatari zaidi, nami nitalirudia hapa chini. Vidole vilivyodonolewa huonekana zaidi kwa vifaranga.

Lipo pia jambo linalofanana na kudonoana bila kuwa kudonoana. Kuku aliyetaga kwa muda mrefu hunyonyoka manyoya ili aote mapya, na unyonyokaji huo kwa kawaida huanzia kichwani na shingoni kisha hushuka, pande zote mbili kwa mfanano, huku vijiti vya manyoya machanga vikijitokeza kwenye ngozi safi isiyo na kidonda. Kuku wa namna hiyo hahitaji tiba ila chakula chenye protini ya kutosha, lakini alindwe, kwa sababu manyoya machanga yana damu ndani na huwavutia wadonoaji.

Mpangilio wa vyeo ni wa kawaida

Mwaka 1922 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi kuku wanavyopangana: kila kuku humfahamu anayeweza kumdonoa bila kujibiwa na yule asiyethubutu kumgusa. Mpangilio huo ukishatulia hupunguza ugomvi, kwa kuwa kuku wa chini huondoka mapema bila kungoja kupigwa. Kwa hiyo mdonoo mmoja wa kichwani kwenye chombo cha chakula, usiotoa damu na usiofuatwa na kufukuzana, usikutie wasiwasi. Wasiwasi uwepo pale kuku mmoja anapofukuzwa kutoka kila upande, anapokonda, anaposhinda juu ya kichanja bila kushuka kunywa, au anapokaa kwenye kiota bila kutaga. Kuku huyo hana mahali pa kukimbilia, na hapo ndipo hesabu ya nafasi inapoanza.

Nafasi na vyombo

Kwa kuku wakubwa wanaoshinda ndani, usizidishe kuku 5 kwa kila mita moja ya mraba. Banda la mita 2 kwa mita 4 linawatosha kuku 40, na ni banda la ukubwa huo huo ambalo mara nyingi hukutwa na kuku 70 kwa sababu vifaranga walipoingia walionekana wachache. Mfugaji ahesabu nafasi kwa ukubwa watakaoufikia kuku wake, si kwa ukubwa waliokuja nao. Ukiongeza uwanja uliozungushiwa wavu wanakoweza kutoka mchana, hata kama ni mwembamba, ugomvi hupungua kwa kiasi kinachoonekana.

Nafasi ya sakafuni pekee haitoshi ikiwa vyombo ni vichache. Kwenye kihori kirefu kila kuku mkubwa apate sentimita 10 za ukingo. Kihori cha mita 1 kinachofikiwa pande zote mbili kinawatosha kuku 20. Kwenye chombo cha mviringo sentimita 4 kwa kuku zinatosha, hivyo chombo chenye upana wa sentimita 40 kinahudumia takriban kuku 30. Hata kama hesabu inaonyesha chombo kimoja kinatosha, weka viwili, kimoja kila upande wa banda, kwa sababu kuku mwenye cheo akisimama kwenye chombo cha pekee huwazuia wengine bila hata kula. Fanya vivyo hivyo kwa maji. Ndoo moja ya maji inayokauka saa nane mchana katika joto la Februari, Pwani, ni mwanzo wa ugomvi ambao mfugaji akirudi kutoka kazini jioni hawezi tena kuujua ulianzaje.

Vichanja vya kulalia viwe na sentimita 20 kwa kila kuku, na viwekwe kwa kimo kinacholingana au kinachokaribiana, maana kichanja kimoja kilicho juu zaidi hugombaniwa kila jioni. Viota viwe kimoja kwa kila mitetea 4 au 5, mahali penye giza. Ongeza pia vitu vya kujifichia: ubao uliosimamishwa, kreti iliyofunguliwa pande mbili, tawi kubwa lenye majani. Kisiwepo kitu kinachofanya pembe iliyofungwa ambamo kuku anaweza kubanwa asitoke.

Chakula kinachokosa kitu

Kati ya vyanzo vyote, chakula ndicho kinachofichika zaidi, kwa kuwa kuku huonekana wameshiba. Mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe, bei ya dagaa ikipanda, hupunguza dagaa na kuongeza pumba za mahindi. Kuku wanaendelea kula, matumbo yanajaa, lakini protini inashuka, na hasa asidi amino iitwayo methionini, ambayo ni ya lazima katika kuota manyoya. Unyoya wenyewe ni protini karibu wote, na kuku mwenye upungufu huutafuta mahali unapopatikana.

Chakula cha kuku wanaotaga kinapaswa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 18, na kuku mmoja hula takriban gramu 110 hadi 130 kwa siku. Soya ina protini nyingi lakini methionini yake ni kidogo. Mashudu ya alizeti na dagaa huijaza pengo hilo vizuri, ndiyo maana mchanganyiko wa vitatu hivyo ni bora kuliko kutegemea kimoja. Soya iwe imepikwa au kukaangwa, kwa sababu ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagwe tumboni. Dagaa wa mifugo wakaguliwe kabla ya kununuliwa kwa wingi: mimina konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, uache itulie, na mchanga wote uliochanganywa utazama chini uuone. Gunia lenye mchanga humfanya mfugaji aamini kwamba ameweka kipimo sahihi cha protini, kumbe sehemu ya kipimo hicho ni ardhi tupu.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni chumvi. Upungufu wake huamsha kudonoana, na kiasi cha kawaida ni gramu 250 hadi 500 kwa kila kilo 100 za chakula. Ukitumia dagaa waliokaushwa kwa chumvi, kaa kwenye kiwango cha chini au uache kabisa kuongeza, kwa maana chumvi ikizidi huwadhuru kuku, hasa maji yakipungua. Kamwe usijaribu kuponya kudonoana kwa kumwaga chumvi kwenye maji kwa kukisia. Chokaa ya mifugo au magamba ya chaza yaliyopondwa yawekwe katika chombo chake peke yake, ili mitetea wanaotaga wachukue wanachohitaji. Hilo pia huimarisha ganda la yai na kupunguza mayai yanayopasuka, na yai lililopasuka ndilo linalowafundisha kuku kula mayai.

Ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 hivi, ukiongeza kipya polepole. Nimeona kudonoana kukianza wiki ile ile ya mabadiliko ya ghafla mara nyingi kiasi kwamba ninapoulizwa, swali langu la kwanza ni kama gunia jipya limefunguliwa.

Mwanga na joto

Mwanga mkali huongeza ukali wa kuku. Kagua banda saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, uone miali ya jua inaangukia wapi. Ikiwa inaangukia kwenye viota au kwenye kundi la kuku wanaopumzika, weka pazia la gunia linalopitisha hewa. Taa inayoachwa usiku kucha ili kuku wale zaidi haiwafai kuku wanaotaga: jumla ya mwanga wa jua na wa taa isizidi saa 16 kwa siku, na kwa kuwa sehemu zetu zilizo karibu na ikweta hupata takriban saa 12 za mchana mwaka mzima, saa 2 hadi 4 za taa hafifu ndiyo nyongeza kubwa kuliko zote. Wakati kudonoana kumepamba moto, taa hiyo izimwe kabisa kwa wiki mbili au zaidi. Balbu nyekundu husaidia kwa muda, kwa sababu chini ya mwanga mwekundu damu haitofautiani vizuri na manyoya.

Bati lisilo na dari hugeuza banda kuwa tanuri kuanzia saa sita. Makuti au nyasi zilizotandazwa juu ya bati, na ukuta wa wavu kuanzia kiunoni kwenda juu, hupunguza joto hilo kwa gharama ndogo.

Upe mdomo kazi

Ushauri huu ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote, kwa sababu ni wa bei nafuu na matokeo yake huonekana ndani ya siku chache. Matandazo ya maranda au pumba za mpunga yawe makavu na yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10, ili kuku aweze kuchakura kweli. Kila siku alasiri, wakati ambapo kudonoana huzidi, tupa konzi kadhaa za mtama au mahindi yaliyoparazwa kwenye matandazo badala ya kuzitia kwenye chombo. Kuku watazitafuta kwa muda mrefu. Ning'iniza kabichi nzima au fungu la mchicha kwa kamba, kwenye kimo kinachomlazimu kuku kunyoosha shingo. Majani ya mlonge, sukuma wiki na matembele yanafaa sana, na yana faida ya lishe pia. Robota la nyasi kavu likiwekwa bandani bila kukatwa kamba zake hushughulikiwa na kuku hadi liishe.

Chakula cha unga kina faida hapa kuliko cha punje zilizoshindiliwa, kwa kuwa kuku huchukua muda mrefu zaidi kukimaliza. Chakula cha punje si kibaya, ila kikitumiwa, hitaji la kazi nyingine ya mdomo huwa kubwa zaidi.

Beseni pana lenye mchanga, udongo mkavu na majivu ya kuni yaliyopoa liwekwe mahali pasiponyesha. Kuku hujigaragaza humo, husafisha manyoya yake na kupunguza wadudu, na kuku wanaojigaragaza pamoja mara chache hugombana.

Wadudu wanaowasha

Utitiri mwekundu hauonekani mchana kwa sababu hujificha kwenye nyufa za vichanja na kutoka usiku kunyonya damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja saa mbili baada ya giza. Michirizi myekundu ikionekana, umempata adui. Mwagia maji ya moto vichanja vilivyotolewa nje, ziba nyufa, na utumie dawa ya unga kwa kipimo alichokitoa mtaalamu wa mifugo, ukizingatia siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa. Chawa huonekana chini ya mabawa na karibu na njia ya haja. Viroboto vinavyojiganda kwenye undu na kuzunguka macho hupakwa mafuta ya mgando, ambayo huvikosesha hewa, na siku inayofuata vingi huanguka au hutolewa kwa urahisi.

Jeraha la njia ya kutagia

Mtetea anapotaga, sehemu ya ndani nyekundu hutokeza kwa muda mfupi kisha hurudi. Yule aliyeanza kutaga akiwa bado mdogo, aliyenenepa kupita kiasi, au aliyetaga yai kubwa mno, huchelewa kurudisha sehemu hiyo. Kama wakati huo yuko mahali penye mwanga na mbele ya wenzake, mdonoo mmoja unatosha kuanzisha msiba. Kinga yake iko kwenye viota: viwe vya kutosha, viwe na giza, na mlango wake uwe na pazia la kitambaa lililochanwa katikati. Viota visiwekwe chini sana kiasi kwamba kuku waliosimama sakafuni wanaona nyuma ya mtetea anayetaga. Tembe, yaani kuku jike ambao hawajaanza kutaga, wasichochewe kutaga mapema kwa taa. Wapewe chakula cha kukuzia hadi wakaribie kutaga, ndipo wahamishiwe chakula cha mayai.

Ikiwa sehemu ya ndani imebaki nje lakini haijachanika, ioshe kwa maji ya chumvi yaliyopoa, irudishe taratibu kwa kidole safi kilichopakwa mafuta ya mgando, na umweke mtetea peke yake mahali penye giza kwa siku kadhaa ili utagaji upungue. Wengi hurudia hali hiyo, na mfugaji ajiandae kumtoa kuku huyo katika kundi la mayai.

Vifaranga

Vifaranga hudonoana vidole wakisongamana, wakizidiwa na joto au wakikuta chombo kitupu. Wiki ya kwanza joto la bruda, yaani mahali penye joto pa kulelea vifaranga, liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha lipunguzwe takriban nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wenyewe ndio kipimo bora: wakijikunyata chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wakiwa wamefungua midomo wana joto, na wakitawanyika wakila na kulala popote hali ni nzuri. Wapewe nafasi zaidi kila wiki. Kifaranga mwenye kidole chenye damu atengwe kama mkubwa.

Majogoo

Jogoo mmoja anawatosha mitetea 10. Majogoo wawili kwa mitetea 8 hupigana, na wasipopigana huwachosha mitetea kwa kuwapanda. Pora wanaoanza kuwika watengwe au wauzwe kabla hawajafikia kushindana na mkubwa. Uangalifu uongezwe kwa wanaofuga Kuchi au chotara wake, ambao wanajulikana kwa umbo refu na ukali. Majogoo wawili wa damu hiyo katika banda moja wanaweza kupigana hadi mmoja afe, na hakuna mpangilio wa banda utakaolizuia hilo.

Jogoo anayemrukia mtu asipigwe mateke, kwa sababu huelewa kwamba amekubaliwa vita. Simama, usirudi nyuma, mshike umbebe kwapani hadi atulie, na urudie kila anapojaribu. Lakini palipo na mtoto mdogo, jogoo aliyekwisha kurukia usoni aingie jikoni. Mwiba wa mguu wake unaweza kutoboa jicho, na hakuna mbegu nzuri inayostahili hatari hiyo. Wala usiwabakize watoto wake wa kiume kwa ajili ya mbegu, kwani ukali hurithiwa kwa sehemu.

Koo anayeatamia, au mwenye vifaranga, hudonoa kila anayemkaribia. Huyo anatimiza wajibu wake. Mpe sehemu yake ya pekee.

Kuingiza kuku wageni

Kuku aliyenunuliwa sokoni, hasa katika pilikapilika za Krismasi na Idi, akae mbali na kundi kwa wiki 2 hadi 4, kwa kuwa anaweza kuleta kideri ambacho huua banda zima. Hakikisha wenyeji wamechanjwa. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, ya tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Karantini ikiisha, waweke wageni upande wa pili wa wavu kwa wiki moja, waonane wasifikiane. Kisha waingize baada ya magharibi, wakati wenyeji wamepanda vichanjani, wakiwa wawili au watatu kwa pamoja na si mmoja peke yake, ili mapigo yagawanyike. Kesho yake uwepo bandani alfajiri, ongeza chombo cha chakula na cha maji, na tupa mboga za majani pembe zote. Ugomvi wa siku 2 hadi 5 ni wa kawaida. Damu si ya kawaida. Tembe wasichanganywe na wakubwa kabla hawajakaribia kulingana nao kwa umbo.

Mdonoaji sugu na suala la kukata midomo

Katika kundi lenye vipara, kuku mwenye manyoya mazima na yanayong'aa ndiye wa kwanza kutazamwa, maana mara nyingi ndiye anayewanyofoa wengine. Keti nje ya banda kwa nusu saa alasiri, umthibitishe kwa macho, kisha umtenge kwa wiki moja hadi mbili. Akirudi huwa amepoteza cheo, na wengi hutulia. Asiyetulia auzwe au achinjwe, kwa sababu wengine hujifunza kwake.

Mashamba makubwa ya mayai hukata ncha za midomo ya vifaranga katika siku 10 za kwanza. Uswidi, Norwei na Ufini zimepiga marufuku desturi hiyo, na sababu inaeleweka: mdomo una mishipa ya fahamu na ya damu hadi karibu na ncha yake, na maumivu ya kuukata kwa kisu cha moto yanaweza kudumu. Kwa mfugaji wa nyumbani kuna sababu nyingine ya wazi. Kuku anayetegemea kuokota punje, mchwa na majani anahitaji mdomo mzima unaokutana vizuri juu na chini. Ukimkata, unampunguzia uwezo wa kujilisha na kujisafisha wadudu, kisha unalazimika kumnunulia chakula zaidi. Kukata mdomo wa kuku mkubwa kwa kisu cha jikoni au wembe ni ukatili na kusifanyike. Kinachoruhusika, pale tu marekebisho yote ya banda yamefanyika na mdonoaji ni wa thamani, ni kusugua ncha kali ya mdomo wa juu kwa tupa ya kucha, milimita moja au mbili za sehemu isiyo na damu, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Ncha hiyo huota tena.

Kuku aliyeumizwa arudishwe bandani kidonda kikiwa kimekauka na ngozi imefunga, kwa utaratibu ule ule wa wavu na magharibi unaotumika kwa wageni. Asirudishwe wakati vijiti vya manyoya mapya ndiyo kwanza vinatokeza vikiwa na damu ndani. Subiri hadi unyoya ufunguke na kufunika ngozi. Katika wiki hizo mpe nyongeza ya dagaa au mashudu ya alizeti, na siku atakayorudi hakikisha mdonoaji aliyemjeruhi bado yuko kwenye kizimba chake.